Mnamgombania Mchezaji, Mkataba Wake Mnaujua?

Wadogo zangu, kwa kawaida mnaniandikia kuhusu wapenzi wasiopokea simu na mashemeji wasiolipa madeni. Wiki hii mmenijia na raga. Nusu yenu mnataka nikubali kwamba klabu yenu imefanya la maana kumsajili yule nambari nane kutoka nje ya nchi, nusu mnataka arudishwe alikotoka kabla jezi yake haijaingia tope. Mmoja ameniandikia usiku wa manane, kwa herufi kubwa mwanzo hadi mwisho, kwamba viongozi wakiendelea "kununua watu" yeye anahamia kandanda. Kandanda, mdogo wangu? Huko ndiko wasikonunua watu?

Klabu yenyewe siitaji. Malalamiko yenu yangeweza kuandikwa na shabiki wa timu yoyote ya ligi kuu yetu, Kenya Cup, kuanzia Ruaraka hadi Kakamega, na nikitaja moja wengine watajifanya hayawahusu.

Tuanze na wageni, maana hapo ndipo matusi yalipojaa. Kambi moja imenitumia "mgeni njoo mwenyeji apone." Nyingine ikajibu "mcheza kwao hutunzwa." Methali mmezimaliza, ubishi umebaki palepale. Na ubishi wenyewe, nikiwasikiliza vizuri, chanzo chake ni Kabras, hata kwa wale ambao hamkuwataja. Wanasukari hao, timu ya kiwanda cha West Kenya huko Kakamega, walitwaa Kenya Cup kwa mara ya kwanza mwaka 2016. Wanabenki wa KCB wakawapokonya, wakalishikilia kombe 2017, 2018 na 2019. Kabras wakarudi, wakalibeba 2022, 2023 na 2024 mfululizo. Njiani wameleta makocha kutoka Afrika Kusini, wachezaji kutoka Fiji, na Mganda Philip Wokorach, mmoja wa wachezaji bora kabisa waliowahi kutoka kwa jirani zetu. Sasa kila klabu inamtafuta Wokorach wake, na kila shabiki anaogopa kwamba kijana wa mtaani kwao ataishia kubeba chupa za maji.

Hofu hiyo siidharau. Lakini niwaulize: nani kati yenu anaweza kunitajia majina matano ya kikosi chenu cha pili? Kikosi cha pili kina ligi yake, Eric Shirley Shield, na mara nyingi kinacheza palepale uwanjani, siku ileile, kabla ya mechi kubwa. Ninyi mnaingia saa kumi kasoro, mnatafuta kivuli, mnauliza matokeo ya mechi iliyokwisha bila hata kungoja jibu. Jumamosi ijayo fikeni mapema mkatazame nani anacheza nambari nane huko. Mkimkuta kijana wa miaka kumi na tisa anayevuta wakabaji watatu mgongoni, na msimu wa pili sasa hajakalishwa hata benchi la timu kubwa, hapo mna hoja. Ipelekeni kwa kocha ikiwa na jina la kijana na mechi mlizomwona. Lakini mkikuta nafasi hiyo inazibwa na mzee wa propu aliyepigiwa simu asubuhi aje awasaidie kutimiza idadi, basi huyo mgeni hajamnyima mtu chochote. Klabu haikulea.

Na akina Kakamega mnaoniambia kwamba fedha za sukari zimeharibu mchezo, nawauliza polepole: zamani kijana wenu aliyemaliza shule akitaka raga ya juu alikwenda wapi? Wengi walipanda basi la Nairobi, wakalala kwa binamu, wakafanya mazoezi jioni na njaa. Leo anaweza kulala kwao Malava na kuwania namba katika timu ya mabingwa. Kwamba katika kuwania huko atakutana na Mfiji mwenye mapaja kama yale, pole yake, lakini pia bahati yake.

Kabla hamjaamua nani mwenyeji, kumbukeni pia raga iliingiaje hapa. Nondescripts, Nondies wenu, ni klabu ya mwaka 1923. Kenya Harlequin ni ya 1952. Shule zilizolea wachezaji wa enzi hizo zilikuwa Prince of Wales na Duke of York, ambazo leo ni Nairobi School na Lenana. Mwafrika alikuwa mgeni uwanjani katika nchi yake mwenyewe. Ndiyo maana 1977 wachezaji Waafrika waliunda klabu yao, Mwamba, na baadaye klabu hiyo ikatupa ndugu wawili, Humphrey Kayange na Collins Injera. Huyo Injera mwaka 2016 ndiye aliyekuwa na trai nyingi kuliko binadamu yeyote katika msururu wa dunia wa raga ya wachezaji saba, mpaka Mwingereza Dan Norton alipompita. Kwa hiyo nikimsikia shabiki wa barabara ya Ngong akimwambia Mganda "rudi kwenu", hunijia hamu ya kumuuliza babu yake aliruhusiwa kukaa upande gani wa uwanja.

Basi hilo la pasipoti nimelimaliza. Kuna jambo jingine, na katika ujumbe wote mlionitumia hakuna hata mmoja aliyeligusa. Mmebishana huyu mtu anaingiaje. Atatokaje, hakuna aliyeuliza.

Usajili mnauchukulia kama harusi. Picha zinapigwa, jezi inashikwa kifuani, mwenyekiti anatabasamu meno yote, na mashangazi wamejipanga pembeni wanampima bibi harusi mabega na kiuno. Keshoye kila mtu amerudi kwake. Atakula nini, atalala wapi, akiugua nani atampeleka hospitali, hayo ni ya wenye nyumba.

Nayasema haya kwa uchungu kidogo, mtanivumilia. Mdogo wangu wa tumbo moja alicheza huka katika klabu ambayo jina lake nitaliacha. Alisajiliwa kwa ahadi: marupurupu kila mwezi, kazi itatafutwa, karo ya chuo "tutaangalia." Kano ya goti ikakatika katika mechi ya kawaida kabisa, hata mvua hainyeshi. Mwanzoni wadi ilijaa jezi, manesi wakawa wanawafukuza. Muda si mrefu tukabaki sisi wa nyumbani, tukipitisha mchango, nami nikimpigia mweka hazina simu inayoita hadi inakata. Hakukuwa na karatasi iliyosema nani analipa upasuaji. Mkataba hakuna aliyeuvunja, kwa kuwa mkataba wenyewe haukuwapo. Tangu hapo nikiona picha ya mchezaji mpya ameshika jezi, macho yangu yanatafuta kalamu mezani.

Kwa hiyo, mdogo wangu wa Nakuru uliyeniuliza "sisi mashabiki tuwaulize nini viongozi", waulize hayo. Bima ya mchezaji huyu inagharamia upasuaji au plasta tu? Akiumia mwezi wa kwanza, ataendelea kulipwa hadi lini? Ametoka nje ya nchi: kibali chake cha kazi kinashughulikiwa na nani, na tiketi ya kurudi kwao iko kwenye mkataba au iko kwenye mdomo wa katibu? Kama ni mwanafunzi aliyeahidiwa karo, ahadi hiyo ni ya mwaka mmoja au hadi amalize shahada, na akiachwa kikosini chuo kitamfukuza? Muulize hata daktari wa timu. World Rugby wana kanuni isiyo na mzaha: mchezaji anayeshukiwa kupata mtikisiko wa ubongo anatolewa uwanjani na harudi. Nani mwenye mamlaka hayo katika klabu yenu siku mko nyuma kwa pointi mbili na zimebaki dakika tano? Na hapo hapo, ninyi mnaopiga kelele "inuka, acha kujifanya!" mtu akiwa chini anatafuta jina lake mwenyewe, mjue sauti zenu zinasikika hadi kwenye runinga.

Mnaniambia haya si mambo ya shabiki, ni ya ofisini. Tazameni basi yalivyowahi kutoka ofisini yakaingia uwanjani. Aprili 2016, Singapore, Shujaa, timu yetu ya taifa ya wachezaji saba, waliipiga Fiji 30-7 katika fainali chini ya marehemu Benjamin Ayimba. Siku hiyo jina la Kenya lilijitangaza lenyewe, bila mabango. Januari 2018 SportPesa wakajiondoa katika udhamini wa michezo humu nchini baada ya kodi ya kampuni za kamari kupandishwa hadi asilimia 35, na raga ikawa miongoni mwa walioachwa. Akapatikana mdhamini mwingine, serikali yenyewe kupitia nembo ya Make It Kenya. Juni mwaka huohuo, Paris, wachezaji wakaingia uwanjani wameifunika nembo hiyo, wakilalamikia malipo. Wakubwa walighadhabika: aibu, utovu wa nidhamu, nchi imechafuliwa. Mimi nilijiuliza swali dogo tu. Aliyeichafua ni yule aliyefunika nembo, au ni yule aliyeiweka kifuani mwa mtu anayemdai?

Sura ya klabu mnayoipigania, hiyo mnayosema "imeharibika", inatengenezwa humo. Mnabishana rangi ya jezi mpya, mnabishana kama simba wa kwenye nembo amekonda. Wachezaji wenyewe wanaulizana jambo moja simuni: "Huko wanalipa?" Klabu ikishapata jina kwamba haimtupi majeruhi, kijana mzuri anakuja kwa fedha kidogo na mama yake anamruhusu. Ikipata jina la kutupa watu, itabidi ilipe zaidi ili kuwapata walewale ambao jirani anawapata kwa nusu bei. Msishangae bajeti ya usajili inakwenda wapi.

Hapa niwakate maneno kidogo wale mnaotaka "mapinduzi" kwenye mkutano wa mwaka. Kwanza jueni mko klabu ya namna gani. Klabu za wanachama, kama zile za zamani za Nairobi, zina ada, zina daftari, zina kura. Wengi wenu mnaopiga kelele hamjalipa ada, kwa hiyo kura hamna; lipeni kwanza, kisha mkagombane mkiwa mmeketi. Klabu ya kampuni ni habari nyingine. Pale mwenye timu ni benki au kiwanda, na timu ni tangazo linalokimbia. Mkurugenzi hatasumbuliwa na hoja ya nani anastahili nambari nane, ila atakaa wima akisikia mchezaji mwenye jina la bidhaa yake kifuani anachangiwa pesa za hospitali mitandaoni. Barua ya adabu, yenye tarehe na ukweli, kwa idara ya mawasiliano ya kampuni inafanya kazi kuliko matusi elfu kwa kocha.

Sasa nije kwako wewe, mdogo wangu uliyeniomba nisitaje hata mji wako. Umeandika kwamba klabu yenu iko mbioni kumsajili mchezaji ambaye msichana aliyekuwa naye anasema alimpiga. Wenzako wamekwambia mambo ya chumbani yasiletwe uwanjani, na kwamba "mahakama haijasema kitu." Umeniuliza kama una haki ya kukasirika.

Unayo. Nikupe kisa cha mbali ambacho wapenzi wa raga wanakikumbuka. Belfast, Machi 2018, wachezaji wawili wa Ulster na Ireland walioshtakiwa kwa ubakaji waliachiliwa huru na mahakama. Aprili, klabu na shirikisho wakavunja mikataba yao, kwa sababu katika kesi hiyo ulisomwa ujumbe wa simu waliokuwa wakitumiana na wenzao kuhusu wanawake, na ulikuwa wa kuchukiza. Mmoja alikwenda Ufaransa, kisha mwaka 2019 London Irish wakamsajili. Diageo, wenye Guinness, wakaondoa udhamini wao kwa klabu hiyo, wakasema uamuzi ule haulingani na maadili yao. Mashabiki waligawanyika vilevile mnavyogawanyika ninyi: hawa wakisema mtu aliyeshinda kesi aachwe afanye kazi yake, wale wakisema hawatawaleta binti zao uwanjani kumshangilia.

Mimi nasimama wapi? Mahakama inaamua nani aende jela. Klabu inaamua nani avae jezi ambayo watoto watainunua. Hayo ni maamuzi mawili, na anayesema la pili lingoje la kwanza anatafuta mahali pa kujificha. Klabu ina uwezo wa kuuliza kabla ya kusaini. Impigie kocha wa zamani, imsikilize mchezaji mwenyewe, imuulize yule dada kama yuko tayari kusikilizwa na bila kumlazimisha, iweke kwenye mkataba kifungu cha mwenendo chenye meno. Ikishafanya hivyo ikaamua kumchukua, iseme hadharani imefanya nini. Ikishindwa kusema, imejijibu. Mashabiki wengi wanaweza kuvumilia uamuzi wasioupenda. Kinachowatia hasira ni kugundua miezi sita baadaye kwamba viongozi walijua na wakanyamaza kwa sababu jamaa ana kasi.

Lakini nawe nikuonye. Usiwe mahakama ya WhatsApp. Jina la huyo dada lisipite kwenye kundi lenu, wala picha yake, wala "nasikia alikuwa na tabia gani." Ukimfahamu, mwulize anataka nini kabla hujaanza kumpigania, na mpe namba 1195, ya bure, ambayo inapokea waliodhulumiwa kijinsia saa zote. Huenda usajili wa raga ni jambo la mwisho kabisa analoliwaza.

Na kwa kuwa tumefika kwa wanawake, kuna mmoja wenu amelalamika kwamba kila akienda uwanjani anaambiwa amefuata mapaja. Pole, mdogo wangu. Hata kama umefuata mapaja, tiketi umelipa. Ila hao wanaokuambia hivyo waulize Lionesses, timu yetu ya taifa ya wanawake, walicheza Olimpiki zipi. Rio 2016 na Tokyo. Kisha waulize klabu yao imewasajili wanawake wangapi msimu huu, na kama wanajua timu ya wanawake inafanya mazoezi uwanja gani na saa ngapi. Katika ujumbe wenu wote kuhusu usajili, ujumbe mrefu wenye michoro ya vikosi, sikuona jina la mchezaji wa kike hata moja. Nilitafuta.

Hili la pombe na fujo nitalipitia haraka kwa sababu mnalijua. Mashindano ya wachezaji saba yamezoea kuwa sherehe, na hakuna ubaya, mimi mwenyewe Driftwood ya Mombasa ikifika sikosi kisingizio cha kwenda pwani. Lakini Masaku Sevens ya Machakos ilifika mahali picha za ulevi wa vijana zikazungumzwa kuliko mshindi. Mdhamini anaona picha hizohizo. Mzazi pia. Mnataka klabu isajili watoto wazuri kutoka shuleni, huku mama ya mtoto huyo akikumbuka mashabiki wa klabu hiyo walivyokojolea ukuta wa shule ya jirani?

Swali la mwisho ni la kijana aliyeniambia ametukanana na rafiki yake wa utotoni kuhusu huyo nambari nane mpaka hawasemezani. Mrudie leo. Mwambie unamchukia mchezaji wake vilevile, ila mna kazi ya kufanya pamoja: andikeni yale maswali ya bima, kibali na tiketi, yawe kwenye karatasi moja, msaini wote wawili, yeye wa kambi ya wageni na wewe wa kambi ya wenyeji, mumkabidhi katibu wa klabu mkononi. Katibu akiona wapinzani wawili kwenye karatasi moja atajua hawezi kuwachonganisha. Mwombeni apige muhuri kwenye nakala yenu. Akijibu, nitumieni jibu. Asipojibu hadi mechi ya mkondo wa pili, nitumieni nakala yenye muhuri, na msisahau tarehe.